Kujitenga, kutumika au kumiliki: njia tatu za Mkristo katikati ya ulimwengu

Mkristo anajiuliza kama akubali ajira katika kampuni ya kamari, au kama amnunulie mtoto wa miaka 12 simujanja, au kama agombee cheo cha siasa. Anaomba ushauri, anasomewa aya. Mmoja anamfungulia Warumi 12:2, asiifuatishe namna ya dunia hii. Mwingine anamfungulia Yeremia 29:7, ambapo mateka wanaambiwa wautakie amani mji walikopelekwa. Wa tatu anakwenda Wakolosai 1, kwamba vitu vyote viliumbwa kwa Kristo na kwa ajili yake. Hakuna aliyemdanganya, lakini ameondoka na majibu matatu yanayovutana. Kila mshauri amechota kwenye mapokeo ya karne nyingi, na pengine hajui kwamba anayo.

Mapokeo hayo matatu ndiyo ninayotaka kuyapanga hapa ubavu kwa ubavu: ya Waanabaptisti, yaani waliowabatiza upya watu wazima (kujitenga), ya Martin Luther, mwanamageuzi wa Ujerumani (kutumika), na ya Mholanzi Abraham Kuyper (kumiliki). Wakatoliki wana mafundisho yao ya jamii, na Waorthodoksi wana namna yao pia, ila nikiwaingiza wote hapa nitawapunja. Nami naandika nikiwa na upande. Kila njia ina jambo moja inaloliona vizuri kuliko nyingine, na ina jambo moja ambalo imeshindwa hadharani, mbele ya historia. Anayechagua bila kuijua ile ya pili anachagua nusu.

Zilikotoka

Jioni ya tarehe 21 Januari 1525, katika mji wa Zurich, Conrad Grebel alimbatiza George Blaurock, aliyekuwa padri, kisha Blaurock akawabatiza wenzake waliokuwamo nyumbani mle. Wote walikuwa wamekwisha kubatizwa utotoni. Serikali ya mji ililiona tendo hilo kuwa ni uasi, na kwa hesabu zake haikukosea: kama mtu anaingia kanisani kwa kuamua mwenyewe, basi kuzaliwa ndani ya mji hakumfanyi mtu Mkristo, na mji si kanisa. Januari 1527 Felix Manz, mmoja wao, alizamishwa katika mto Limmat. Mwezi uliofuata wenzake walikutana Schleitheim, kijiji cha Uswisi, wakaandika vifungu saba, mwandishi mkuu akiwa Michael Sattler, ambaye naye aliuawa kabla mwaka haujafika katikati. Kifungu cha upanga ndicho kiini. Kinasema upanga wa serikali umewekwa na Mungu, lakini nje ya ukamilifu wa Kristo. Yaani hakimu na askari wana kazi yao halali, ila Mkristo hawezi kuifanya. Wala haapi. Wamennonite na Waamish wa leo ni wajukuu wa mkutano ule.

Luther alikuwa amekwisha kulijibu swali hilohilo mwaka 1523, kwa namna nyingine kabisa. Mungu, alisema, anatawala kwa mikono miwili. Kwa mmoja analeta wokovu, na chombo chake ni Neno tu. Kwa wa pili anazuia uovu usiimeze dunia, na vyombo vyake ni sheria, mahakama, wazazi, hata mnyongaji. Mkristo yumo katika mikono yote miwili kwa wakati mmoja. Akipigwa kofi yeye mwenyewe, ageuze shavu la pili. Akipigwa jirani yake na yeye ni askari, amkamate mpigaji. Ungamo la Augsburg la 1530, kifungu cha 16, lilitia muhuri: Mkristo aweza kushika madaraka, kuhukumu, kununua na kuuza, kuapa, kupigana vita vya haki. Kifungu hichohicho kinawalaani Waanabaptisti kwa jina.

Kuyper (1837–1920) alikuja baadaye sana, katika ulimwengu wa magazeti, reli na uchaguzi. Alikuwa mchungaji. Mwaka 1872 akaanzisha gazeti la kila siku, 1879 akaanzisha chama cha siasa, 1880 akafungua chuo kikuu huru mjini Amsterdam, na kuanzia 1901 hadi 1905 alikuwa waziri mkuu wa Uholanzi. Katika hotuba ya kufungua chuo ndipo aliposema maneno yanayonukuliwa hadi leo: katika eneo zima la maisha ya mwanadamu hakuna hata inchi moja ambayo Kristo, aliye Bwana wa yote, haisemi, "Ni yangu!" Wengi huyanukuu maneno hayo na kuacha kiini cha hotuba, kilicho muhimu zaidi: familia, shule, serikali, kanisa, biashara, kila kimoja kimepewa mamlaka yake na Mungu moja kwa moja, na kingine hakiruhusiwi kukimeza. Serikali isiitawale shule ya wazazi, na kanisa lisiitawale serikali. Msomaji wa Kuyper anayetaka maaskofu waamue sheria za nchi hajamsoma Kuyper.

Kwenye kazi

Hapa Luther anawazidi wote, tena kwa mbali. Kabla yake, mtu aliyetaka kumpendeza Mungu kikamilifu alielekezwa utawani. Luther, aliyekuwa mtawa mwenyewe kisha akamwoa Katharina von Bora aliyekuwa mtawa pia, alifundisha kwamba Mungu hahitaji matendo yetu mema. Anayeyahitaji ni jirani. Mwoka mikate akioka mkate mzuri kwa uzani wa haki amekwisha kumtumikia Mungu, hata kama hakubandika msalaba mlangoni.

Fundisho hilo lilipimwa mwaka 1527, tauni ilipoingia Wittenberg. Luther alibaki mjini na nyumba yake ikawa kama hospitali. Alipoulizwa na wachungaji wa Breslau kama Mkristo aruhusiwe kukimbia tauni, hakutoa amri moja kwa watu wote. Aliangalia nafasi ya kila mtu. Wachungaji, mahakimu na wanaowatunza wagonjwa wamefungwa na kazi zao, wasiondoke bila kuacha mtu mahali pao. Asiye na jukumu kama hilo, na jirani zake wana watu wa kuwatunza, yuko huru kwenda. Wote watumie dawa, wafukize nyumba, wasiende mahali wasipohitajika wakaeneza ugonjwa. Haishangazi kwamba barua hiyo ilisambazwa tena kila kona mwaka 2020. Ilikuwa na jambo ambalo makanisa mengi yalilikosa mwaka ule, nalo ni kutofautisha imani na ukaidi.

Sasa rudi kwa yule aliyepata ajira ya uhasibu katika kampuni ya kamari. Mtu wa Luther atamuuliza: kazi hii inamfaa nani? Ni swali zuri, na mara nyingi linatosha. Lakini lina mlango wa nyuma, kwa sababu mhasibu anaweza kujibu kwamba yeye anawafaa watoto wake, na kwamba vitabu vyake vya hesabu ni safi. Kweli ni safi. Kinachoingizwa kwenye vitabu hivyo ni mishahara ya watu waliopoteza kila kitu usiku wa manane, na mapokeo ya Kilutheri hayajawa hodari sana wa kuuliza kuhusu mashine nzima. Yamezoea kumuuliza mtu mmoja kuhusu kituo chake.

Mwanabaptisti hasumbuki hapa. Kuna kazi ambazo Mkristo hana mlango wa kuingilia, na kanisa lipo kwa ajili ya kumsaidia anayeikataa: kama unamwambia ndugu aache mshahara, umpe chakula wakati anatafuta mwingine. Kanisa lisiloweza kufanya la pili halina haki ya kusema la kwanza. Mfuasi wa Kuyper naye ataona swali la ajira ya mtu mmoja ni dogo mno. Atataka kujua nani aliandika sheria za kamari, nani alipata leseni, na kwa nini vijana wa kanisa hawana kampuni yao ya kuajiri wahasibu wanaotaka kulala usingizi.

Kwa kazi ya kawaida, ile ya ualimu, uuguzi, udereva, useremala, chukua ya Luther na usijisumbue. Itakuondolea ile hatia ya kijinga inayomfanya mwuguzi aone kwamba "kazi ya Mungu" ni kwaya ya Jumapili tu. Kwa kazi inayonuka, Luther peke yake hatoshi. Ongeza ukali wa Schleitheim.

Kwenye simu

Hapa mambo yanageuka juu chini, na wale waonekanao washamba ndio wana la kufundisha.

Watu husema Waamish wanachukia teknolojia. Ukweli ni mwingine. Mapema katika karne ya 20 simu za waya zilipoanza kuingia katika nyumba zao huko Pennsylvania, zilitumika kwanza, kisha jumuiya ikaangalia zinafanya nini. Zilikuwa zinapunguza kutembeleana, na zinapeleka umbea haraka. Wakaamua simu isikae ndani ya nyumba. Baadaye wengi wao waliruhusu kibanda cha simu nje, karibu na barabara, kinachotumiwa na familia kadhaa kwa ajili ya daktari na biashara. Walichokataa hasa ni simu kukaa mezani wakati wa chakula. Kila jumuiya huwa na kanuni zake, na huzijadili kabla ya Meza ya Bwana, mara mbili kwa mwaka. Nani kati yetu, makanisani kwetu, amewahi kuketi na wenzake mara moja tu kwa mwaka na kuuliza simu inafanya nini kwa ushirika wetu? Tunabishana kama mchungaji asome Biblia kwenye simu akiwa mimbarani, swali dogo kuliko yote yanayoweza kuulizwa kuhusu kifaa hicho.

Jibu la Kilutheri kwa simu ni kwamba kifaa chenyewe si dhambi wala si utakatifu, kitumie kwa dhamiri njema na kwa faida ya jirani. Sina ubishi na theolojia yake. Ninaloliona ni kwamba dhamiri ya mtu mmoja, saa tano usiku, amechoka, imewekwa kupambana na kampuni iliyoajiri maelfu ya wahandisi ili asiweke chini hicho kifaa. Katika pambano kama hilo "kila mtu na dhamiri yake" ni kumwacha mtu peke yake.

Kuyper je? Yeye angeanzisha programu ya simu ya Kikristo kabla ya Pasaka. Nasema hivyo kwa heshima: mtu aliyeandika gazetini karibu kila siku kwa miongo mingi alielewa kwamba chombo cha habari hakiwi kitupu, kina roho ya mwenyewe. Wafuasi wake wana haki kusema kwamba lazima wawepo Wakristo wanaotunga programu, wanaoandika sera za faragha za watoto, wanaofundisha akili unde katika vyuo. Lakini angalia mavuno ya ile sehemu ya ulimwengu wa Kikristo iliyokimbilia mitandaoni kwa nia ya kuimiliki. Mhubiri aliyeingia ili kuuteka mtandao, mara nyingi mtandao umemteka yeye: mahubiri yamekatwa vipande vya sekunde 40, na kipande kinachosambaa ni kile alichomtukana mtu.

Mzazi mwenye mtoto wa miaka 12 afanye nini basi? Asiamue peke yake. Atafute familia nne au tano za kanisani zenye watoto wa umri huo, wakubaliane umri na masharti, na wote washikilie. Mtoto anayenyimwa simu peke yake anaadhibiwa. Watoto kumi wasio na simu ni kundi la marafiki. Hilo ni wazo la Kianabaptisti kabisa, na halihitaji mtu avae kofia ya majani kama Waamish.

Kwenye sanaa na burudani

Hili halitanichukua muda. Kuyper, kwa fundisho lake la neema ya Mungu iliyo kwa watu wote, hata wasioamini, anakuruhusu kufurahia wimbo mzuri wa mtunzi asiyesali na kumshukuru Mungu kwa kipaji hicho. Luther alikuwa mwimbaji na mtunzi wa tenzi, wala hakuiogopa sanaa. Waanabaptisti wa mwanzo hawakuwa na muda na jambo hili. Kama swali lako kubwa la imani ni kama usikilize muziki wa dunia, fuata 1 Wakorintho 10 na uende kwenye maswali makubwa zaidi.

Kwenye siasa

Hapa njia zote tatu zina damu, na anayekuuzia mojawapo bila kukuonyesha doa lake usinunue kwake.

Luther mwaka 1525 aliwahimiza watawala wawapige wakulima walioasi, kwa maneno ambayo hata rafiki zake waliona ni makali kupita kiasi. Wakulima kwa makumi ya maelfu waliuawa. Karne nne baadaye, Hitler alipotwaa madaraka, Walutheri wengi wa Ujerumani walitumia fundisho lile la mikono miwili, liitwalo pia falme mbili, kama kizibo cha masikio: siasa ni za serikali, kanisa lihubiri Injili. Waliokataa walikutana Barmen mwezi Mei 1934, na tamko lao, lililoandikwa zaidi na mwanatheolojia Karl Barth, lilikanusha fundisho kwamba kuna maeneo ya maisha yetu ambayo sisi si mali ya Yesu Kristo bali ya mabwana wengine. Dietrich Bonhoeffer, Mlutheri aliyekuwa upande wa Barmen, alinyongwa Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Kwa hiyo njia ya Luther si lazima izae ukimya. Lakini inahitaji mtu atakayegonga meza na kusoma Matendo 5:29, imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu, kabla mambo hayajaharibika.

Doa la Kuyper ni la kiongozi anayetawala. Akiwa waziri mkuu, mwaka 1903, alipitisha sheria ya kuwazuia wafanyakazi wa reli wasigome, yeye aliyejulikana kwa kuwatetea watu wadogo. Na msomaji wa Kiafrika asiliruke jambo hili: katika mihadhara yake ya Princeton ya 1898 aliwazungumzia watu wa bara letu kwa dharau, na wanatheolojia wa Afrika Kusini waliotaka kubariki ubaguzi wa rangi walichukua lugha yake ya maeneo yenye mamlaka yake wakaigeuza ihusu mataifa na rangi. Waliowajibu walitoka katika mapokeo yaleyale ya Kireformed, yaani ya Kikalvini, aliyotoka Kuyper. Ungamo la Belhar, lililoandikwa 1982 na kupokelewa 1986 na kanisa lililokuwa limetengwa kwa ajili ya watu walioitwa machotara, lilikataa fundisho lolote linalowatenganisha watu kwa rangi kwa jina la Injili. Allan Boesak, mmoja wa viongozi wake, aliyageuza maneno ya inchi moja yakawa hoja dhidi ya ubaguzi. Hilo linanionyesha kwamba dai la kwamba Kristo ni Bwana wa kila inchi ni salama mdomoni mwa asiye na madaraka. Mdomoni mwa mwenye nayo huanza kubadilika: inchi ya Kristo inakuwa inchi ya chama.

Waanabaptisti nao wana Münster, ambako kati ya 1534 na 1535 kundi lao moja liliuteka mji, likaanzisha ufalme na ndoa za wake wengi, na likaishia katika maangamizi. Baada ya hapo Menno Simons aliwakusanya waliobaki katika njia ya amani. Lawama nzito zaidi, hata hivyo, ni ile ya kimyakimya. Wanaoukataa upanga wanalala salama usiku kwa sababu jirani yao aliukubali. Sijasikia jibu lililonitosheleza kabisa. Lililokaribia kunitosheleza ni la matendo. Mwezi Oktoba 2006, mtu mwenye bunduki aliingia katika shule ya Waamish huko Nickel Mines, Pennsylvania, akawaua wasichana watano, kisha akajiua. Siku hiyohiyo Waamish walikwenda kwa familia ya muuaji kuifariji. Walihudhuria maziko yake. Serikali ingeweza kumkamata mtu yule, ingeweza hata kumhukumu kifo kama angekuwa hai, lakini kitendo kile isingekiweza. Kinatoka tu kwa watu waliozoezwa miaka mingi, kwa pamoja, kusema maneno ya Sala ya Bwana kana kwamba ni kweli.

Nani achague ipi

Watu huchagua njia inayofanana na hali yao, na hapo ndipo kosa linapoingia. Aliyechoka na ulimwengu anapenda kujitenga. Mwenye kazi nzuri na mshahara usiochelewa anampenda Luther, kwa kuwa Luther anamwambia abaki alipo. Mwenye kipaji cha kuongoza, anayejua kwamba ana kipaji, anampenda Kuyper. Ushauri wangu ni wa kinyume: soma kwanza ile isiyokupendeza. Mwanasiasa wa kanisani akae na vifungu vya Schleitheim hadi aone aibu kidogo. Anayejifungia ndani na Biblia yake na kulalamika kuhusu uovu wa nyakati akae na Kuyper, aone mchungaji aliyejenga chuo kwa michango ya watu wa kawaida, na ambaye harakati yake ilipigania shule za wazazi hadi 1917 katiba ya Uholanzi ikazipa shule za dini fedha sawa na za serikali. Mwanaharakati anayedhani kila tendo lisilo la kubadilisha mfumo ni bure akae na Luther, ajifunze kuosha vyombo.

Kuchanganya kunaruhusiwa, kwa kiasi. Makanisa yenyewe yamekwisha kuanza kusikilizana: Julai 2010, huko Stuttgart, Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani liliwaomba Wamennonite msamaha kwa mateso ya karne ya 16 na kwa maandishi yaliyoyahalalisha. Mtu anaweza kufanya kazi yake kwa roho ya Luther, kuamua mambo ya simu kwa desturi ya Waamish, na kuanzisha shule kwa ujasiri wa Kuyper, bila kujipinga.

Kuna jambo moja tu ambalo halichanganyiki. Kijana wa kanisani ameitwa jeshini, au amepata nafasi ya uhakimu katika nchi yenye hukumu ya kifo. Luther anamwambia nenda, uwe mwenye haki, jirani yako anakuhitaji pale. Kuyper anamwambia nenda, na ukumbuke kwamba serikali nayo ina Bwana. Sattler anamwambia usiende. Hawezi kwenda nusu. Kwa hilo binafsi namfuata Luther, kwa sharti kwamba kijana huyo awe na watu wawili au watatu waliokubaliana naye kabla ya siku ya kiapo kwamba watamwambia wazi ikifika saa ya kuvua magwanda au joho, na kwamba siku hiyo watampa mahali pa kulala.